Nehemia Alizunguka Usiku

Masomo: Nehemia 2:11–18, 3:1–12, 5:1–13



Tunasoma habari za mtu aliyesimamia kazi, na kazi ikaisha. Nehemia alipofika Yerusalemu hakuita mkutano wala hakuchangisha. Alikaa siku tatu, kisha akaondoka usiku na watu wachache, akaukagua ukuta: wapi umebomoka, malango yapi yameteketea, wapi hata mnyama wake hakupata pa kupita. Baada ya hapo ndipo alipowaeleza wakuu neno la kujenga.

Sisi tuliofundisha katika vyuo vya ualimu tunaifahamu safari ile ya usiku. Ni maandalio ya somo. Mwalimu asiyeandaa hugundulika kabla ya dakika kumi, na watoto ndio wa kwanza kujua.

Miradi mingi hufa kwa kuukosa usiku ule. Mwaka 1946 ujumbe kutoka Uingereza ulikuja Afrika ya Mashariki, ukazunguka kwa wiki tisa, sehemu kubwa kwa ndege, ukarudi na shauri la kulima karanga katika ekari zaidi ya milioni tatu. Kazi ilianza 1947 huko Kongwa, mahali tunapopajua Waanglikana kwa ajili ya Chuo cha Mtakatifu Filipo. Matrekta yalivunjika vichakani, mvua ikakosa, na udongo wa mfinyanzi ulipokauka ukawa kama saruji, karanga zikabaki chini. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na paundi zipatazo milioni 36 zimekwisha kupotea. Mzee yeyote wa Kigogo angaliweza kueleza habari za ukame wa nchi ile kabla trekta la kwanza halijashushwa melini.

Lakini tusiwacheke Waingereza. Tushuke Mabogini, chini ya mji wetu wa Moshi. Mradi wa umwagiliaji uliojengwa pale kwa mkopo wa Japani ulikamilika 1987, na mpunga ulizaa kuliko ulivyopata kuzaa zamani. Ulifaulu, na kufaulu kwake kukaleta shida. Wakulima wa juu, walio nje ya mradi, waliona neema ile, nao wakafungulia maji mashamba yao wenyewe. Maji ya Rau na Njoro yakapungua kabla ya kufika chini, na mashamba mengine ya mradi yakakauka. Nani awalaumu? Maji hayasomi ramani ya mradi.

Wazee wa mlimani walilijua jambo hili. Mfongo una wenyewe, una zamu zake, na siku ya kuuzibua kila anayetumia maji yake huja na jembe. Asiyekuja hutozwa faini, au hukosa zamu. Ndivyo tunavyosoma katika sura ya tatu: wengi walijenga kuielekea nyumba yao wenyewe. Ni vigumu mtu kulipua ukuta ambao mtoto wake atalala nyuma yake. (Wakuu wa Tekoa hawakutaka kuinama kufanya kazi, na majina ya aina yao hayajakosekana katika kamati zetu.)

Sura ya tano ndiyo inayotuchoma. Katikati ya kazi maskini walilia kwa ajili ya madeni na riba. Nehemia hakuwaambia wangoje ukuta uishe. Aliwakabili wakubwa mbele ya mkutano, akakiri kwamba yeye na nduguze nao walikuwa wamekopesha.

Sisi tulikosa hapo. Katika kanisa moja la mlimani, ambalo hatulitaji, tulikuwa katika kamati ya tanki la maji ya mvua. Wajane walileta ndizi na kuku wa mnada. Saruji ilinunuliwa mapema, mchanga ukachelewa, masika yakakata barabara, saruji ikaganda stoo. Mama mmoja alitungoja mlangoni mwa kanisa akauliza, "Mwalimu, kuku wangu amefikia wapi?" Tukamjibu, "Mama, kamati inashughulikia." Haikuwa kweli. Kamati ilikuwa haijaketi tangu Pasaka.

Sasa katika mtaa wetu kuna shauri la ukumbi wa vijana. Hatulipingi. Tunamwomba Kasisi na wazee wa kanisa kwamba kabla ya mchango wa pili twende kiwanjani pamoja na fundi, mzee wa mfongo upitao pale, na akina mama watakaopikia mafundi, tuone maji ya masika yanapita wapi. Tena hesabu zisomwe kanisani kila mwezi, hata mwezi ambao hakuna kilichoingia, na mweka hazina akiulizwa ajibu palepale.

Yule mama amekwisha kulala katika Bwana, na msingi wa tanki lile umeota magugu. Binti yake tunasali naye hapa. Jumapili iliyopita alitoa kuku kwa ajili ya ukumbi.