Je, Kupima Sawasawa Kwatosha?



Mtu akijenga madhabahu kwa vipimo sahihi, asikosee hata upana wa kidole, je, amekwisha kutimiza wajibu wake? Na yule asemaye kwamba Mungu hutazama moyo tu, kwa hiyo vipimo si kitu, je, naye amesema kweli?

Maswali haya mawili si mageni katika kanisa lolote. Lakini mara nyingi ni rahisi zaidi kuona jambo katika nyumba ya jirani kuliko katika nyumba yetu wenyewe. Kwa hiyo nataka tuyaangalie kwa njia ya watu waliofikiri sana juu ya madhabahu karne nyingi kabla ya Bwana wetu kuzaliwa, yaani makuhani wa kale wa Bara Hindi.

Wengi wetu tumeyaona mahekalu ya Wahindu mijini, kama Mombasa na Dar es Salaam. Ibada nitakayoieleza siyo ile ifanyikayo humo kila siku. Hii ni ya zamani zaidi, ya nyakati za Veda, ambapo watu hawakuabudu ndani ya hekalu. Walisafisha uwanja, wakawasha moto, na kwa ibada zilizo kubwa walijenga madhabahu ya matofali.

Vitabu vya kamba

Kanuni za kujenga madhabahu hizo ziliandikwa katika vitabu viitwavyo Sulbasutra. Neno "sulba" maana yake ni kamba, kwa sababu vyombo vyao vya kupimia vilikuwa kamba, vigingi na fimbo. Vinavyojulikana zaidi ni vinne, navyo vyaitwa kwa majina ya Baudhayana, Apastamba, Manava na Katyayana. Wataalamu hukadiria kwamba viliandikwa kati ya mwaka 800 na mwaka 200 hivi kabla ya Kristo, na kile cha Baudhayana ndicho cha kale kuliko vingine. Huko Ulaya vilianza kujulikana vizuri mwaka 1875, wakati George Thibaut alipochapisha maelezo yake juu yake.

Mtu akivifungua kwa mara ya kwanza atadhani ni vitabu vya hesabu. Humo mna kanuni ya kupata pembe mraba kwa kamba yenye alama. Fundi wetu wa kujenga nyumba aijua kanuni hiyo: pima 3 upande mmoja, 4 upande wa pili, na mshazari ukiwa 5 pembe imekaa sawa. Katika uwanja mmoja wa ibada, upana wa mashariki ulikuwa hatua 24, wa magharibi hatua 30, na urefu hatua 36. Apastamba aliupima kwa kamba ya 15, 36 na 39, tena akaonyesha kwamba eneo lake ni 972. Msomaji mwenye kalamu anaweza kuhakikisha: jumlisha 24 na 30, gawanya kwa 2, kisha zidisha kwa 36.

Baudhayana anaieleza kanuni yenyewe kwa jumla: mraba ujengwao juu ya mshazari wa mstatili una eneo sawa na miraba ya pande zake mbili ikiunganishwa. Ndiyo ile ambayo wanafunzi wetu hufundishwa kwa jina la Pythagoras, ingawa Wababeli nao walikuwa wakiitumia kabla ya wote wawili.

Kwa nini makuhani walihitaji hesabu nyingi hivyo? Kwa sababu ya masharti ya ibada. Mioto mitatu ya msingi ilipaswa kuwa na maumbo mbalimbali, mmoja duara, mmoja mraba, mmoja nusu duara, lakini maeneo yao yawe sawa. Basi ilibidi wajue namna ya kugeuza mraba kuwa duara. Njia yao iliacha duara likizidi kidogo, kama sehemu 17 katika 1000. Lakini kwa mshazari wa mraba walikaribia sana. Walisema: chukua upande wa mraba, ongeza theluthi yake, ongeza robo ya hiyo theluthi, kisha punguza sehemu moja ya 34 ya hiyo robo. Kwa upande wa 1 jibu ni 1.414216, na hesabu ya leo hutoa 1.414214. Kipimo hicho wakakipa jina ambalo baadhi ya wataalamu hulisoma kuwa na maana ya "chenye ziada", kana kwamba walitaka ijulikane kwamba bado kuna tofauti ndogo iliyobaki.

Matofali yasiyoonekana

Ibada kubwa kupita zote iliitwa Agnicayana, yaani kuupangia moto matofali. Madhabahu yake ilijengwa kwa umbo la kipanga aliyekunjua mabawa. Kipimo chake kilitoka katika mwili wa mtu mwenyewe aliyeitoa ibada: alisimama akainua mikono juu, na urefu ule ukawa kipimo cha kazi yote. Mwili wa ndege ulikuwa vipimo 2 kwa 2, yaani miraba 4. Kila bawa lilikuwa mraba 1 na sehemu ya tano yake, na mkia mraba 1 na sehemu ya kumi. Jumla ni miraba 7 na nusu. Aliyejenga tena aliongeza mraba mmoja, ikawa 8 na nusu, na kuendelea hivyo mpaka 101 na nusu. Kila mara ndege alipaswa kukua pasipo kuharibika sura.

Madhabahu hiyo ilikuwa na matabaka 5, kila tabaka matofali 200, jumla 1000, na kimo chake kilifika magotini. Tabaka la pili lilipangwa tofauti na la kwanza, ili mshono wa matofali usikae juu ya mshono. Kati ya tabaka na tabaka walitandaza udongo.

Ndugu msomaji, tusipite hapo upesi. Kazi ilipokwisha, uso wa tabaka la tano tu ndio ulioonekana. Matofali 800 yalikuwa yamefunikwa. Hakuna mgeni, wala jirani, wala mkubwa wa kijiji ambaye angejua kama katika tabaka la pili tofali moja lilikuwa fupi. Hata hivyo kanuni haikusema, "Hapa chini fanya upendavyo." Matabaka yaliyofichwa yalipimwa kwa kamba ile ile.

Sababu yao ilikuwa hii. Walisimulia kwamba Prajapati, Bwana wa viumbe, alipokwisha kuumba alichoka, viungo vyake vikaachana. Kujenga madhabahu kulikuwa kumkusanya tena, kiungo kwa kiungo. Hatuiamini hadithi hiyo, lakini twaweza kuielewa nia yake. Mtu akiamini kwamba kazi yake ni kuunga kilichovunjika, hawezi kufanya kazi ya kudanganya macho.

Hapa napata jibu la swali letu la pili. Haifai kusema kwamba vipimo si kitu. Kupima sawasawa mahali pasipoonekana ni namna ya kusema kweli kwa mikono. Maandiko yetu wenyewe hayakudharau jambo hilo: katika kitabu cha Kutoka madhabahu ya hema ilipewa vipimo, mikono 5 kwa 5 na kimo mikono 3. Mhasibu wa mtaa, mwashi wa ukuta wa kanisa, na mama apimaye unga sokoni, kila mmoja wao ana matabaka yake yaliyofunikwa.

Kamba haiulizi

Lakini sasa turudi kwenye swali la kwanza, maana vitabu vile vile vya kamba vyatuonyesha jambo la kutisha. Kipanga hakuwa umbo pekee. Aliyetaka mbinguni alijenga kipanga. Aliyetaka kuwaangamiza wapinzani wake alielekezwa kujenga madhabahu ya pembetatu. Nayo pembetatu ile ilikuwa na kanuni zake kamili: eneo ni lile lile, na matofali yapangwe kwa uangalifu ule ule.

Kamba haikumwuliza mtu kama kuna haki katika ugomvi wake. Ilimpa pembe sahihi kwa ajili ya sala na ikampa pembe sahihi kwa ajili ya laana. Hii ndiyo kasoro ya usahihi uachwapo peke yake: ni mtumishi mwaminifu wa bwana yeyote. Daftari laweza kuandikwa vizuri sana ili kumdhulumu mjane, na sheria yaweza kufuatwa herufi kwa herufi ili kumfukuza mpangaji maskini mvua inyeshapo.

Wahindi wa kale hawakuhitaji kusubiri wageni waje kuwaambia hayo. Waliyaona wenyewe. Katika Katha Upanishadi mna kisa cha kijana Naciketas. Baba yake alikuwa akitoa mali yake yote kuwa sadaka. Ng'ombe wakaletwa, nao walikuwa wazee, waliokwisha kunywa maji yao ya mwisho na kula majani yao ya mwisho, wasio na maziwa tena wala uwezo wa kuzaa. Kwa hesabu, sadaka ilikuwa imetimia. Kwa kweli ilikuwa ni kuondoa mzigo zizini. Kijana akaona, akamwuliza baba yake, "Na mimi, baba, utanitoa kwa nani?" Akarudia mara ya pili na ya tatu, mpaka mzee akakasirika na kusema kwamba amemtoa kwa Mauti.

Naciketas akaenda nyumbani kwa Yama, mfalme wa wafu, akangoja huko siku tatu bila chakula. Kwa kuwa mgeni hakupewa haki yake, Yama alimruhusu kuomba mambo matatu. La kwanza, kijana aliomba baba yake apate amani na asimkasirikie tena. La pili, aliomba afundishwe moto uletao mbinguni. Yama akamfundisha madhabahu: matofali gani, mangapi, na jinsi ya kuyapanga. Kijana akayakariri yote bila kukosea, na Yama akapendezwa hata akauita moto ule kwa jina lake.

Lakini Naciketas hakuishia hapo. La tatu aliuliza mtu akifa inakuwaje, maana wengine husema yupo na wengine husema hayupo. Yama akajaribu kumnyamazisha kwa wana, ng'ombe, tembo, dhahabu na maisha marefu. Kijana akakataa. Ndipo akafundishwa kwamba lililo jema na lile la kupendeza ni mambo mawili, na kwamba asiyeacha mwenendo mbaya hataifikia kweli hiyo kwa elimu tu.

Angalieni mpango wa kisa hiki. Kijana hakuidharau madhabahu. Aliijifunza vizuri kuliko wengi. Ila alijua kwamba mwisho wa kamba si mwisho wa maswali. Naye baba ndiye mfano wa kutuonya: desturi ilitimizwa, na ng'ombe walikuwa mifupa.

Mbuzi wa Panjal

Jambo hili si la vitabuni tu. Mwezi wa Aprili mwaka 1975, katika kijiji cha Panjal, jimbo la Kerala, makuhani wa Kinambudiri walifanya Agnicayana kwa siku 12. Mtaalamu Frits Staal na wenzake waliirekodi na kuipiga picha. Madhabahu ya ndege ilijengwa kwa matofali zaidi ya 1000, na mwishoni vibanda vya ibada vikachomwa moto. Lakini kabla ya kuanza palikuwa na shida: desturi ilidai mbuzi 14 wachinjwe, na watu wengi wakapinga. Baada ya mabishano, badala ya mbuzi waliweka vifurushi vya unga wa mchele vilivyofungwa katika majani ya mgomba.

Wengine wanaweza kusema kwamba ibada ilipunguka. Mimi naona kwamba palitokea swali ambalo kamba isingeweza kulijibu, na wenye ibada wakakubali kulisikiliza. Vipimo vya ndege havikubadilika. Kilichobadilika ni kile ambacho dhamiri za watu hazikuweza tena kukibeba.

Basi, je, kupima sawasawa kwatosha? Hapana, hakutoshi. Lakini tusikimbilie jibu hilo kama kisingizio. Mara nyingi asemaye "Mungu anaujua moyo wangu" ni yule ambaye tabaka lake la pili lina matofali mafupi. Kwanza tupime kwa haki, hata pale ambapo udongo utatandazwa juu na hakuna atakayeona. Kisha tujiulize swali ambalo kamba hailijui: ninajenga nini hapa, kipanga au pembetatu, na ng'ombe ninaowatoa je, wana maziwa?

Nabii Amosi aliwaambia watu wa Israeli jambo linalofanana na hili, wakati sikukuu zao zilikuwa zimepangwa vizuri na maskini wao wamekanyagwa langoni. Yafaa kila mmoja asome sura ya 5 ya kitabu chake nyumbani kabla ya kuleta sadaka ya mavuno.