Mkuki wa Mfalme Sauli



Kitabu cha Kwanza cha Samweli chatuonyesha mfalme aliyeugua nafsini mwake. Sauli alipotaabika, Daudi alimpigia kinubi apate kutulia. Lakini mfalme alikuwa na mkuki mkononi, naye akautupa ili amchome yule yule aliyemtuliza. Basi tuna mambo mawili mbele yetu: mgonjwa, na silaha yake. Tukiyachanganya tutakosa haki.

Sisi tuishio karibu na Kariakoo twajua kwamba silaha si hadithi. Wako wenye maduka waliopewa kibali cha bastola kwa sababu ya majambazi, na wako walinzi wakeshao na bunduki mlangoni. Tena mwaka 2022, mauaji kadhaa ya wanandoa nchini, mengine kwa bastola, yaliwafanya watu wengi wazungumze habari za afya ya akili. Ni vema kuzungumza. Lakini hofu haichagui maneno. Mtu akikosa usingizi kwa madeni, au akisema peke yake njiani, mara huitwa kichaa. Na ndugu anayelitamani duka lake aweza kulitumia neno hilo kama ufunguo.

Katiba yetu haitaji haki ya kumiliki bunduki, kama ilivyo Katiba ya Marekani tangu mwaka 1791. Kwetu silaha ni kwa kibali, na sheria ya mwaka 2015 ya udhibiti wa silaha na risasi yatazama pia utulivu wa akili wa mwombaji. Hilo ni jema. Lakini Katiba hiyo hiyo, katika Ibara ya 13, yasema kwamba haki za mtu zinapoamuliwa na mahakama au chombo kingine, apewe nafasi ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na njia ya kukata rufaa. Haikuandikwa humo, "isipokuwa mgonjwa wa akili." Hata mtu aliyeshtakiwa kwa kuua, mahakama ikiona shaka juu ya akili yake, haimhukumu kwa kumtazama usoni; huagiza apelekwe Isanga, Dodoma, akachunguzwe na madaktari. Sisi ni nani basi, tutoe hukumu barazani?

Sisi tuliofundisha walimu tuliwaonya wanafunzi wetu wasitoe alama kabla ya kulifungua daftari. Nikodemo naye aliwauliza wakuu wenzake kama torati yao humhukumu mtu asiyesikilizwa kwanza.

Sasa tusome sura ya 26. Usiku, Sauli amelala, mkuki umechomekwa chini karibu na kichwa chake. Abishai aomba ruhusa amwue kwa pigo moja. Daudi akataa. Auchukua mkuki, amwacha mtu. Kisha asimama mbali juu ya kilima, aeleza shauri lake kwa sauti, watu wote wakisikia, na asema kijana mmoja aje auchukue mkuki wa mfalme. Hakuuficha, hakuufanya mali yake. Wala hakurudi kuketi mbele yake. Kila mmoja alishika njia yake. Huo ndio mfano wetu: silaha iondolewe mapema, mtu asiguswe, na jambo lisemwe hadharani.

Kwa hiyo, mzee wa nyumba mwenye bastola akianza kubadilika, tusifiche kwa kuona haya. Tumpeleke hospitali, Muhimbili hapa mjini kuna idara ya magonjwa ya akili. Habari ya silaha tuipeleke polisi, wala tusimpe mpwa aitunze kabatini. Tuseme tulichokiona, si tulichosikia. Naye mwenyewe apewe nafasi ya kusema, pamoja na daktari wake. Akipona, kibali ni kazi ya wenye mamlaka kukiamua upya. Lakini heshima yake, kiti chake kanisani na nafasi yake dukani tumrudishie sisi, bila kungoja barua ya mtu.

Na yule asiye na bastola wala duka, alalaye kwenye maboksi karibu na soko, akipigiwa kelele za "mwizi", tusiwe miongoni mwa waokotao mawe. Yeye naye ana haki ya kusikilizwa.

Bwana atupe mkono wa Daudi: mwepesi kuchukua mkuki, mzito kumwaga damu. Amina.