Garanti si mali yako

Likasi, hapa Katanga nchini Kongo, ni mji uliolelewa ukiamini kwamba nyumba huletwa na kazi. Kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilifika miaka ya 1920 imechoka kuajiri watu wa kuja na kuondoka. Ikaamua kuwakalisha papo hapo, pamoja na wake na watoto wao, katika makambi yaliyojengwa kando ya viwanda. Mtu wa kambi ya Panda au Shituru alipata nyumba, unga, dispensari na shule kwa sababu jina lake lilikuwa kwenye daftari la kampuni. Jina likifutwa, ufunguo unarudi. Gécamines, iliyozaliwa baada ya Union Minière kutaifishwa mwanzoni mwa mwaka 1967, ilirithi viwanda na desturi hiyo pia.

Kisha desturi ikavunjika. Mgodi wa Kamoto, kule Kolwezi, uliporomoka mwaka 1990. Uzalishaji ukaanguka, mishahara ikachelewa, mwisho ikawa haiji. Kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa mkupuo, katika mpango ulioungwa mkono na Benki ya Dunia na kuitwa wa kuondoka kwa hiari, ingawa wengi hawakuiona hiari hiyo. Familia iliyobaki na nyumba bila mshahara ikatambua kwamba chumba cha nyuma kinaweza kununua unga.

Hapo ndipo lupangu, yaani kiwanja chenye uzio na nyumba zake, ilipogeuka pensheni. Mwalimu, dereva wa malori ya barabara ya Kolwezi, mama wa sokoni, kijana aliyetoka machimboni na dola kadhaa mfukoni, wote leo wana wazo moja: kununua lupangu, kusimamisha vyumba vitatu au vinne, kupangisha. Wazo lenyewe ni jema. Lakini ushauri wanaopewa huanza na faida, na mtu aliyeanza kwa kuhesabu faida huona kila kitu ndani ya uzio kuwa chake. Mimi ningemwanzisha na hesabu ya vitu ambavyo havitakuwa vyake hata baada ya kulipa senti ya mwisho.

Cha kwanza ni udongo. Sheria ya Julai 1973 inasema udongo wa Kongo ni mali ya Serikali, tena yake peke yake. Raia hupewa haki ya kuutumia, na Mkongomani anaweza kupata haki isiyo na mwisho wa miaka, lakini haki hiyo huthibitishwa na hati ya usajili inayotolewa na msajili wa hati za ardhi. Karatasi ya shefu wa kartie, barua ya mauzo yenye saini za mashahidi watatu, maneno ya mzee aliyekaa pale tangu zamani, yote hayo yanasaidia kueleza historia ya kiwanja. Hayachukui nafasi ya hati. Kwa hiyo anayenunua asione haya kwenda kuuliza ofisini kiwanja kimeandikwa kwa jina la nani, kabla hata ya kujadili bei. Komisionere, yaani dalali, atamwambia kuna mnunuzi mwingine anakuja mchana na fedha taslimu. Na aje.

Aulize pia habari ya watu. Mke wa muuzaji anajua? Kama ni lupangu ya marehemu, warithi wote wamekaa pamoja wakakubaliana, au ni kaka mkubwa peke yake mwenye haraka? Ugomvi mwingi wa viwanja huanzia ndani ya familia, siku mtoto aliyekuwa mbali anaporudi na kukuta nyumba ya baba yake ina jina la mgeni. Mnunuzi huyo anaweza kushinda mahakamani na bado akaishi miaka kumi na majirani wasiomsalimia. Bei nafuu inayotoka kwenye machozi ya mtu ni deni ambalo halijaandikwa.

Cha pili ni garanti. Mpangaji anapoingia huacha fedha mikononi mwa mwenye nyumba, na sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 kuhusu nyumba za kupanga iliweka kikomo: kwa nyumba ya kukaa, garanti isizidi kodi ya miezi mitatu. Kikomo hicho huvukwa mara nyingi. Hata anayekiheshimu huwa na kosa jingine, la kimya zaidi: huila. Fedha inaingia Jumamosi, Jumatatu imekwisha kuwa mabati ya chumba cha pembeni. Siku mpangaji anapotaka kuhama, mwenye lupangu humwambia angoje mpangaji mwingine aje, ili garanti ya huyo imlipe yule. Mpangaji hukaa miezi mitatu bila kulipa ili ajirudishie chake mwenyewe, na wanaagana kwa matusi.

Kuweka garanti kando ni zoezi gumu kwa mtu anayeanza, kwa sababu ndiyo fedha nyingi kuliko zote atakazozipata kwa siku moja katika biashara hii. Ndiyo maana naiona kuwa mtihani wa kwanza wa tabia. Iwekwe benki kama inawezekana, au mahali ambapo mkono haufiki kwa urahisi. Isiingizwe kwenye likelemba, mchezo wa kuchangiana fedha kwa zamu, kwa sababu zamu ya kupokea haitangoji siku ya mpangaji kuhama. Na kama ujenzi umekwama, afadhali vyumba viwili vyenye paa kuliko vinne vilivyomalizwa kwa mkopo wa Banque Lambert, yaani mkopeshaji wa mtaani, ambako riba ya mwezi mmoja hula kodi ya vyumba vyote.

Cha tatu ni mlango. Nyumba ni yako, ila chumba kilichopangishwa kina mtu ndani, na mtu huyo amelipia kufunga mlango wake. Kuingia wakati hayupo, kumhesabia wageni, kung'oa bati au kufunga maji ili aondoke, hayo hayamo katika haki ya mwenye lupangu. Sheria hiyohiyo ya 2015 inataka ugomvi upelekwe kwanza kwenye huduma ya makazi ili watu wapatanishwe, kisha mahakamani. Njia hiyo ni ndefu, najua, na anayengoja kodi ya miezi minne huiona kama dhihaka.

Lakini mji huu una sababu yake ya kuheshimu mlango wa mtu. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, wakiwamo waliozaliwa hapa na wasioijua Kasai. Maelfu walikusanyika kwenye stesheni ya treni ya Likasi, wakalala nje kwa majuma na miezi wakingoja mabehewa, na wengine wakafa palepale au njiani. Nyumba zao ziliuzwa kwa bei ya kutupa, au zilikaliwa tu. Sisemi kwamba kumtoa mpangaji asiyelipa ni sawa na hayo, hata kidogo. Nasema kwamba tumeona kwa macho yetu mtu hubaki na nini akiondolewa nyumbani kwake kwa kelele na haraka, na kwamba swali la mpangaji anatoka kabila gani au mkoa gani halina kazi yoyote kwenye mkataba. Linalofaa kuulizwa ni kazi yake, watu wangapi watakaa, na alikotoka aliagana vipi na mwenye nyumba.

Mkataba uandikwe, hata kama mpangaji ni mtoto wa shangazi. Hasa kama ni mtoto wa shangazi. Uonyeshe kodi ni kiasi gani na hulipwa tarehe ngapi, garanti ni kiasi gani, vyombo vya ndani vilikuwa katika hali gani siku ya kuingia, umeme wa SNEL na maji ya REGIDESO vinagawanywa vipi. Kwenye lupangu ya familia nne na mita moja, ugomvi wa umeme hautakosekana: mmoja ana friji ya kuuzia maji ya baridi, mwingine ana balbu mbili, na ankara ni moja. Anayejenga akumbuke jambo hili wakati wa kuvuta waya, si baada ya ngumi ya kwanza. Na kila malipo yawe na risiti, kwa sababu kumbukumbu ya anayedai na ya anayedaiwa hazijawahi kufanana.

Cha nne ni thamani ya fedha. Kodi nyingi hutajwa kwa dola, ilhali wapangaji wengi hupata faranga. Mwaka 2015 dola moja ilikuwa karibu faranga 920. Mwaka 2024 ilipita 2,700. Chumba cha dola 30 kilikuwa chini ya faranga 28,000, kikawa zaidi ya 81,000, bila tofali hata moja kuongezwa. Mwenye lupangu ana haki ya kujilinda, maana saruji na mabati havimngoji. Lakini mshahara wa mwalimu haukupanda mara tatu kwa sababu dola imepanda. Anayetoza kodi inayopita uwezo wa mpangaji wake hujiandalia madeni yasiyolipika. Heri kukubaliana mapema jinsi kodi itakavyotazamwa upya, mara moja kwa mwaka, mkiwa mmekaa chini, kuliko kubadilisha kiasi kila kiwango cha sokoni kinapotikisika.

Baada ya hivyo vinne, kinachobaki ndicho chako, na kwanza ni kazi. Paa ni lako: likaguliwe Septemba, kabla ya mvua, kwa kuwa fundi wa Desemba huja kwa bei ya dharura na godoro la mpangaji limekwisha kulowa. Choo ni chako, na shimo lake lisichimbwe karibu na kisima. Njia ya maji ya mvua ni yako, maana ukuta wa matofali mabichi hauanguki kwa uzee, huliwa na maji chini. Na kodi ya serikali ya mapato ya nyumba ni yako pia. Katika mkoa wetu hukusanywa na DRHKAT, ofisi ya mapato ya Haut-Katanga. Ni vizuri kwenda kuuliza kiwango cha mwaka huo kabla wao hawajaja kuuliza.

Tuchukue mfano. Vyumba vinne vya dola 30 ni dola 120 kwa mwezi. Usizidishe kwa 12. Zidisha kwa kumi, kwa sababu kuna chumba kitakachokaa kitupu na mpangaji atakayekuwa na mgonjwa. Ni 1,200. Toa kodi ya serikali, matengenezo na choo, tuseme zinabaki 800. Kama lupangu na ujenzi vilikula 9,000, fedha hiyo itarudi baada ya miaka kumi na mmoja hivi. Anayetaka irudi kwa miaka mitatu hana namna ila kuitoa kwa watu: garanti ya miezi sita, paa linalovuja, familia nane kwenye choo kimoja. Haraka ndiyo inayomharibu mwenye nyumba mdogo, na mara nyingi alikuwa mtu mwema kabla hajaanza.

Vizazi viwili vya mji huu vilikaa katika nyumba za mwajiri, vikapata paa zuri na kukosa sauti. Leo watoto wao wanakuwa wenye nyumba. Wanaweza kuiga kile kampuni ilichofanya kibaya, yaani kumshika mtu kwa ufunguo wake, au kuchukua kile ilichofanya vizuri: mabomba yaliyotengenezwa, kuta zilizopakwa chokaa, mfereji uliozibuliwa kabla ya mvua.

Kwa hiyo, wewe unayeanza, kabla ya kuongeza chumba kingine jipime hivi: wapangaji wako wote wakija siku moja kuomba garanti yao, utawalipa bila kukopa? Ukiweza, jenga chumba cha tano. Ukishindwa, una nyumba, lakini una madeni manne ndani yake. Lipa hayo kwanza, hata kama itakupitisha msimu mzima wa mvua.