Jicho la Samaki na Uongo wa Mstari Ulionyooka

Je, picha inayopinda mlingoti wa jahazi imesema uongo? Swali hili limepata uhai mpya tangu wapiga picha walipoanza kuzitoa kabatini lenzi kongwe za jicho la samaki na kuzivika kwenye kamera zisizo na kioo cha kuakisi, aina iliyoenea baada ya mwaka 2008. Nafasi iliyoachwa na kioo hicho ndiyo iliyozifufua. Kutoka kitako cha lenzi ya zamani ya Nikon hadi mahali pa filamu ni milimita 46.5, katika kamera mpya za kampuni hiyo zisizo na kioo ni 16 tu. Pete ya kujaza tofauti hiyo yatosha, na lenzi iliyosahauliwa huona tena.

Jina lenyewe lilitokana na Robert Wood, mwanafizikia wa Marekani, ambaye mwaka 1906 alichunguza namna samaki auonavyo ulimwengu ulio juu ya maji. Mzamiaji wa visiwani anajua jibu: maji yakitulia, ukatazama juu, mbingu nzima hukunjwa ndani ya duara moja la nyuzi zipatazo 97. Si njozi hiyo. Ni nuru inayopinda iingiapo majini.

Lenzi pana ya aina nyingine huishika mistari ikanyooka, lakini hulipa deni pembeni: aliyesimama ukingoni hutanuka kichwa na bega. Tunavyouona ulimwengu, umetuzunguka kama kuba, na karatasi ni bapa. Ganda la chungwa halilali mezani lisipasuke. Hakuna lenzi isiyovunja kitu.

Sisi wafasiri wa mashairi twaijua dhiki hii. Ukishika vina na mizani, maana hubanwa. Ukishika neno kwa neno, wimbo hufa. Basi mfasiri haulizwi kama amevunja, bali amevunja nini, na kama hakuficha.

Kwa kipimo hicho, mstari ulionyooka si ushahidi wa ukweli. Chumba cha hatua nne chaweza kuonekana ukumbi, kuta zikiwa wima kabisa. Mgeni aliyelipa kwa kuiamini picha hiyo amedhulumiwa. Lenzi nyingi za sasa hunyooshewa picha zake na programu ndani ya kamera, hata mpiga picha asiuone upindo. Jicho la samaki la kale hukiri upindo wake waziwazi.

Hata hivyo, kukiri si kutakasika. Mzee aliyesogelewa mno akafutuka pua ili watu wacheke ameonewa hadharani, na uwazi wa lenzi haumrudishii heshima yake. Kwa hiyo mpiga picha ana madeni mawili: kwa atazamaye, asimfiche kilichopindwa, na kwa atazamwaye, asimpinde kwa dhihaka. Lenzi kongwe humsaidia kulipa la kwanza. La pili hulipwa kwa adabu, nayo haiuzwi pamoja na kamera.