Nani Alimbeba Jana?

Tulipompeleka mwanangu Kiomboi mara ya kwanza, mama yangu alimfunga uzi mweusi mkononi, ushanga mmoja katikati. Sikuuliza ni wa nini. Sisi tuliokulia Iramba tunajua: kinga ya kijicho. Jumapili mama huyohuyo alikaa benchi la mbele kanisani, Mlutheri kamili, wala hakuona tatizo.

Usiseme ni ushamba wetu. Watibeti huvaa shanga za akiki ziitwazo dzi, zenye mistari na viduara wanavyoviita macho. Ukipasuka, husemwa umepokea balaa lililokuwa likimjia mvaaji. Na akiki si ngeni huku: kwa karne nyingi shanga za akiki nyekundu za Gujarat, India, zilivuka bahari hadi pwani yetu.

Sasa, kuna ubaya gani? Wengine watasema ni uongo, kata uzi. Mimi sikuukata. Mtoto alipata chanjo zake zote kliniki, na ushanga ukabaki. Niliona upendo wa bibi pale, na upendo hauombwi vyeti.

Kisha siku moja uzi ukakatika. Mama hakusema umechakaa. Aliuliza, "Nani alimbeba jana?"

Aliyembeba ni jirani yetu, mjane mzee, macho mekundu kwa moshi wa kuni. Nilishtuka. Tabora na Shinyanga si mbali, na huko vikongwe wameuawa kwa macho mekundu tu.

Ndipo nikaona nilichokuwa sikioni. Uzi ukikaa, kinga inafanya kazi. Ukikatika, eti imefanya kazi zaidi. Haishindwi kamwe. Simulizi ya dzi angalau huishia kwenye ushanga wenyewe: umebeba balaa, basi. Yetu inatafuta mtu. Kinga ya kijicho haikai bila mwenye kijicho, na mwenye kijicho hatoki mbali. Ni yule anayekuja kuomba chumvi.

Kwa hiyo siulizi tena kama hirizi ni kweli au uongo. Nauliza: gharama yake analipa nani?

Nilimwambia mama, "Uzi umechakaa tu." Akanyamaza. Jioni nikamchukua mtoto, ushanga na uzi mpya, nikaenda kwa yule jirani. Nikamwomba, "Shikamoo bibi. Mfungie mjukuu wako."

Alifunga polepole, mikono ikitetemeka. Mama alikuwa mlangoni, anatazama.