Chini ya Wanale, Malewa Hakuna

Malewa hakuna. Mhudumu alitujibu kwa adabu zote, kipande cha gome la mti kimefungwa kiunoni juu ya suruali yake, kisha akatushauri tuagize kuku na chipsi, au pizza. Tulikuwa tumeketi ndani ya msonge wa nyasi, pembezoni mwa mji wa Mbale, Uganda. Jabali la Wanale lilikuwa bado linaonekana katika mwanga wa mwisho wa jua, na ile michirizi myeupe ya maji inayoporomoka kila msimu wa mvua. Mke wangu alizaliwa huko juu. Ndiye aliyechagua mahali, kwa sababu bango la barabarani liliahidi chakula cha kijijini, nasi tulikuwa na jioni yetu wawili, jambo ambalo wazazi wa watoto wa shule hawalipati kila wiki.

Hapo "kijijini" penyewe palipangwa vizuri. Vibuyu vilitundikwa kwa kamba, na ngoma ilisimama kila pembe. Ile mirija mirefu ambayo wazee hunywea pombe ya wimbi kutoka chungu kimoja ilipigiliwa ukutani kwa misumari, na chini yake friji ya bia ilikuwa inanguruma. Nyasi za paa zilikuwa mpya, na ukitazama sana unaona mabati chini yake.

Lakini kilichotunyima raha ni yule mama wa mlangoni. Aliketi mkekani, amevaa gomesi, mbele yake jiwe la kusagia na konzi ya wimbi. Wageni wakiingia, anasaga. Wageni wanapiga picha, wanampa shukrani, wanapita. Mke wangu hawezi kumpita mtu wa umri ule bila kumsalimia vizuri, kwa hiyo alipiga magoti pale pale, akasema "Mulembe, mayi," na wakaanza kuulizana habari za nyumbani. Kumbe mama ametoka kijiji cha jirani na kwao. Mke wangu akamuuliza unga ule unapelekwa jikoni saa ngapi. Mama akasema haupelekwi. Jioni wanaufagia, wanawamwagia kuku.

Alisema hivyo bila kulalamika. Mke wangu alirudi mezani akanyamaza kwa muda, halafu akaniambia, "Baba, wimbi ule umelimwa na mtu."

Tangu siku hiyo sijaacha kulifikiria neno hilo. Umelimwa, ukapaliliwa, ukavunwa kichwa kwa kichwa kwa kisu kidogo, ukaanikwa, ukapurwa, ukapepetwa, ukashushwa mlimani. Halafu ukasagwa ili watu wapige picha. Na mle ndani, kwenye orodha ya vyakula, ugali wa wimbi hapana.

Kwa msomaji asiyeyajua malewa, ni machipukizi ya mianzi ya mlima Masaba, ambao ramani huuita Elgon. Huchumwa wakati wa mvua katika ukanda wa mianzi, kisha hukaushwa kwa moshi mpaka yawe ya kahawia na makavu kama kuni. Yakikaushwa vizuri yanakaa miezi mingi. Siku ya kupika unayaloweka, unayachemsha, unamwaga maji ya kwanza, unayakatakata, halafu unayatia katika karanga zilizosagwa na kuyaacha yatokote polepole huku ukikoroga, maana karanga ukizipa kisogo zinashika chini. Yakiiva yana ulaini na ukinzani kidogo kwenye jino, na ule moshi unabaki ndani yake. Huliwa kwa matoke. Anayetoka Bugisu akikualika sherehe na malewa yasionekane, watu wataulizana kuna nini.

Mimi nilianza kuyala nilipokwenda kujitambulisha kwa wakwe. Mila ya Bamasaba, watu wa Bugisu, humtenga mkwe mwanamume na mama mkwe wake: hawaketi meza moja, hawapeani mikono. Nikakaa sebuleni na wazee, na mama mkwe wangu akawa upande wa jikoni, namsikia tu akiwaelekeza wasichana. Sikumwona uso. Nilichokiona ni bakuli la malewa lililoletwa na shemeji yangu mdogo, na alipoona nimemaliza akaleta la pili bila kuulizwa. Nilipoaga, nikaambiwa mama amefurahi kwamba nimekula. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu ya kwanza, na kwa miaka mingi tumeendelea kuheshimiana kwa njia hiyo. Kwa hiyo nikiulizia malewa mahali panapojiita kijijini, chini kabisa ya Wanale, sifanyi ukaidi wa mteja.

Najua nitakachoambiwa. Mtu hatoki nyumbani kwake akalipe pesa ili ale cha nyumbani. Mke na mume wakitoka usiku wanataka kitu cha pekee, na chipsi ndizo zinazouzika. Mwenye mkahawa anafanya biashara, hana deni la kutunza mila za watu.

Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama malewa yangekuwa bado yanapikwa kila nyumba mjini. Hayapikwi. Aliyepanga chumba kimoja Namakwekwe, anapikia jiko la mkaa mlangoni, harudi kutoka kazini saa moja usiku aanze kuloweka mianzi. Watoto wengi wa Mbale huyala Krismasi, au mwaka wa imbalu, ule mwaka wa shufwa ambapo ngoma za tohara hufunguliwa Mutoto mwezi wa Agosti na jamaa wote wanarudi nyumbani. Chakula cha pekee kwao ni kipi, kama si hicho? Chipsi zinauzwa kila kona ya barabara, na kuku wa kukaanga vilevile. Na mgeni aliyepanda gari Kampala au Nairobi kwenda kuona maporomoko ya Sipi, akapita Mbale kula, atarudi kwao akisema alikula nini hapa ambacho hakuwa nacho kwake?

Watasema tena: mama wa mlangoni analipwa, afadhali hivyo kuliko kukaa bure. Nakubali analipwa. Ila analipwa aonekane anafanya kazi, na kazi yenyewe anaijua kwa dhati. Mhamisheni. Mpeni chungu, karanga na wasaidizi wawili vijana wenye mikono yenye nguvu, mumlipe kama mpishi, na vijana wajifunze kwake kabla hajachoka.

Kisha ikaja kahawa. Mhudumu alileta maji ya moto na kopo la kahawa ya unga ya kiwandani. Hapa Mbale! Mji huu umejengwa na kahawa. Chama cha ushirika cha Bugisu kilianzishwa mwaka 1954 kwa ajili ya arabika ya wakulima wa miteremko hii, na hadi leo kahawa ya Masaba inanywewa ng'ambo kwa bei ya juu na watu wanaolitaja jina la mlima kwa heshima. Mkulima anaipanda chini ya vivuli vya migomba, anaichuma punje nyekundu moja moja, na mteja aliyeketi chini ya mlima huo huo anakorogewa kopo.

Wanaoishi huko juu hawaishi kirahisi. Machi 2010 udongo uliporomoka Nametsi, Bududa, ukafukia watu pamoja na nyumba zao. Mwishoni mwa Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika, ikaua watu mjini kwetu. Watu wa mlimani wanashusha vitunguu, kabichi na ndizi kwa vichwa na mabega kwenye njia ambazo mimi huzipanda nikihema. Hata malewa yenyewe si ya kuokota: msitu wa mianzi umo ndani ya hifadhi ya taifa tangu miaka ya 1990, na kuingia kuchuma kuna masharti. Anayetajirika kwa kutundika vibuyu vyao ukutani awanunulie basi na mazao.

Huko Italia walilitungia jambo hili sheria mwaka 1985, wakaipitia upya mwaka 2006. Anayetaka kuwalisha wageni kwa jina la shamba lazima awe mkulima kwanza, na sehemu ya maana ya chakula itoke shambani mwake au kwa wakulima wa eneo lake. Sitarajii Bunge la Kampala likae kujadili malewa. Nasema tu kwamba wenzetu waliona mapema kuwa jina la kijiji ni mali, na mali hiyo ina wenyewe.

Wala hatuhitaji kwenda mbali. Ukitoka Jinja kuelekea Kampala, ukafika Najjembe katika msitu wa Mabira, hakuna msonge hata mmoja wa mapambo. Kuna moshi, vibanda, na vijana wenye makoti ya nambari wanaokimbilia dirisha la basi na vijiti vya kuku wa kuchoma, gonja na muhogo. Kila msafiri wa mashariki anapajua. Pale Jinja penyewe, sato wa ziwani hukaangwa mzima akaletwa na kichwa chake, na hakuna anayemwomba radhi mgeni kwa hilo. Mbale ina malewa, ina arabika, ina wimbi, na mkahawa wake wa kijijini unauza pizza.

Kabla hatujaondoka nilimwita msimamizi, kijana msikivu, nikamweleza haya kwa upole. Akasema malewa yanachukua muda mrefu jikoni na mteja hawezi kusubiri saa mbili. Mke wangu ndiye aliyemjibu. Akamwambia hakuna mama wa Wanale anayeanza kupika malewa mgeni akiwa ameshaketi. Yanapikwa asubuhi, yanalala chunguni, na jioni yakipashwa yanakuwa matamu zaidi. Kijana akasema hakulijua hilo. Akauliza sokoni fungu ni kiasi gani, mke wangu akamtajia, pia akamwambia akina mama gani wa Soko Kuu wanauza yaliyokaushwa vizuri. Akaongeza kwamba msimu ukiisha bei inapanda, na bakuli moja litagharimu kuliko sahani ya chipsi. Ligharimu. Kuku na chipsi tulilipa shilingi elfu arobaini. Bakuli la malewa la yule mama wa mlangoni niko tayari kulilipa zaidi ya hapo.