Mpigie Mbunge Kabla ya Kura

Kama chai iko mezani na mkate kando yake, hebu uangalie huo mkate. Mwaka 2024 Mswada wa Fedha ulipendekeza utozwe ushuru wa thamani ya ziada wa asilimia 16. Juni 18, kabla ya wabunge kupiga kura, pendekezo hilo likatupwa nje. Wakenya walikuwa wamewapigia wabunge simu, wamewatumia ujumbe, wamepeleka maoni kwenye kamati. Yaliyotokea Juni 25, watu walipouawa katika maandamano ya kuupinga mswada huo, tunayajua, na wapo mama ambao hawajafuta machozi hadi leo.

Wengi husema, "Mbunge wangu hashiki simu." Huenda ni kweli. Lakini Kifungu cha 118 cha Katiba kinalitaka Bunge lishirikishe wananchi, na cha 119 kinakupa haki ya kuwasilisha ombi. Si hisani ya mtu.

Ukiandika, taja mswada, taja nambari ya kifungu, eleza kitakavyokuumiza wewe mwenye kibanda au bodaboda, kisha pendekeza kibadilishwe vipi. Karani wa kamati hana pa kuyaweka matusi, hata yawe matamu namna gani! Ukurasa mmoja unatosha, kwa Kiswahili kilekile unachonunulia sukuma wiki.

Basi ukiona tangazo la Bunge gazetini, usilifungie maandazi kabla ya kuangalia siku ya mwisho ya kupokea maoni. Andika mapema, na umwambie jirani naye aandike.